Uzio Unaokwenda Mahali Pake

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri Irakoze alifunga mlango wa jikoni kwa kufuli, akafunga ufunguo kwenye pindo la kitenge, akaegemeza kisigino kwenye kizingiti na kuanza kuhesabu hatua. Alihesabu akiwa miguu mitupu, ndala mkononi, kwa sababu ndala huongeza. Kutoka kizingiti hadi uzio wa minyaa zilikuwa hatua thelathini na mbili. Jumamosi jioni zilikuwa thelathini na mbili, na Jumapili kutwa hazikubadilika. Alivaa ndala zake, akaenda barabarani kusubiri gari.

Jioni aliporudi zilikuwa thelathini na moja.

Kumweru ni mji wa watu wasiokuwepo. Uko juu ya uwanda wa nyasi, kando ya barabara iendayo Kibondo, na tangu lami ipite umejaa watu wanaolala hapo na kuishi kwingine. Kabla jua halijatoka, Noah nyeupe tatu, pikipiki na baiskeli huwabeba kwenda Kasulu mjini: walimu, mafundi cherehani, makarani, wauza mitumba, wasichana wa migahawani. Wachache huenda upande wa pili, Kibondo, na fundi simu mmoja huenda Kakonko na harudi mpaka Ijumaa. Ikifika saa mbili, Kumweru inabaki na kuku, mbuzi, wazee na duka moja lililo wazi. Mahali pengine mwizi hungoja giza. Kumweru mwizi anayejua kazi yake huja saa nne asubuhi, jua likiwaka.

Ndiyo maana Irakoze hakuwa na shaka kwamba ni mtu. Shaka yake ilikuwa ni nani.

Uzio ule ulipandwa na marehemu mama yake, Esteri, pamoja na jirani yao Mzee Ndihokubwayo. Wote wawili walitoka Burundi wakiwa watoto, wakavuka mpaka siku moja, wakakua wakilima bega kwa bega. Walipopewa viwanja walipanda mnyaa wa kwanza kama inavyotakiwa kati ya majirani: mche mmoja, shimo moja, mikono minne. Iliyobaki kila mtu alipanda kwa wakati wake. Kutoka jikoni hadi hapo zilikuwa hatua arobaini. Irakoze alikuwa na hakika nazo, kwa sababu siku ya msiba, mwezi wa pili, yeye ndiye aliyetandika mikeka, na mikeka ilifika hadi kwenye uzio.

Mama yake alizikwa hapohapo nyumbani, kwenye hatua ya ishirini na tano, kaburi la udongo lililozungushiwa mawe, na msalaba wa saruji kichwani. Tangu hapo uzio ulikuwa umekula mistari mitatu ya mihogo na mpapai mmoja. Hapakuwa na alama ya jembe. Minyaa ilisimama wima, mibichi, bila tawi lililonyauka, na nyuma yake nyasi zilikuwa zimeshaota kana kwamba hapakuwahi kulimwa. Kwa hesabu ya Irakoze, hatua sita zaidi na mama yake angekuwa amelala kwa jirani.

Alifikiri sana juu ya utomvu. Mtu hawezi kung'oa minyaa bila kurukiwa na utomvu wake mweupe, na utomvu huo ukiingia machoni, macho huwa mekundu siku tatu. Kwa hiyo Jumanne alfajiri, pale barabarani, Irakoze aliyajongelea makundi ya watu na kuwatazama machoni mmoja mmoja kwa mwanga wa simu zao. Hii haikuwa kawaida yake. Kwa miaka mitano alikuwa akiwafahamu watu wa Kumweru kwa viatu.

"Dada Irakoze, leo umetuona?" mwalimu mmoja alimtania. "Au nina tongotongo?"

"Huna," alisema, akapita kwa mwingine.

Macho yote yalikuwa meupe, yenye usingizi. Mekundu yalikuwa ya Mudathiri peke yake, mwenye duka, aliyekuwa akifungua milango yake ng'ambo ya barabara huku akijifuta kwa ncha ya shuka. Mudathiri haendi mjini. Hushinda Kumweru kutwa.

Jioni zilikuwa hatua thelathini. Irakoze alikwenda dukani moja kwa moja na mkoba wake begani.

"Karibu dada," alisema Mudathiri. "Chumvi?"

"Macho yako yamefanya nini?"

"Yamekuwa mekundu."

"Hilo naliona. Nini kimeyafanya?"

"Unanunua au unapeleleza?"

"Utomvu wa minyaa hufanya hivyo."

Firdausi, mke wa Mudathiri, alikuwa ameketi nyuma ya magunia akichambua maharage. "Mwambie tu," alisema. "Ni pilipili ya kusaga. Alikuwa anapima, akajikuna jicho. Halafu kwa vidole vilevile akajikuna na la pili. Mtu na ndevu zake."

"Basi," alisema Mudathiri.

"Mimi sijamaliza kucheka tangu jana."

Irakoze alitazama vidole vya Mudathiri. Kucha zilikuwa na wekundu wa pilipili. Lakini mtu aliyejiandaa anaweza kujipaka pilipili. "Mchana hakuna mtu mwingine anayebaki hapa," alisema.

"Kwa hiyo mimi ndiye nahamisha uzio wako. Hata kiwanja changu hakigusani na chako. Nihamishe niupeleke wapi?"

"Kuna mtu anaung'oa."

"Haung'olewi, dada. Unakwenda wenyewe." Alisema kama anavyotaja bei ya sabuni. "Saa nne hivi. Huwa nakunywa chai."

Irakoze aliushusha mkoba. "Unauona, na hukuniambia?"

"Hukuuliza. Wewe ukija hapa unaonyesha chumvi kwa kidole, unaondoka. Mimi nilikuwa najua huna sauti."

Kesho yake alimpigia simu Bi Mwanaamina, mwenye mgahawa anakopika chapati mjini Kasulu, akamwambia ana homa. Alitoka barabarani na wengine ili aonekane ameondoka, kisha akazunguka nyuma ya kanisa na kuingia dukani kwa mlango wa uani. Firdausi alimwekea ndoo aikalie mbele ya dirisha dogo la stoo. Dirisha lilitazama kiwanja chake chote: jikoni, mihogo, kaburi, uzio.

Kumweru ilinyamaza. Mbuzi mmoja alilala katikati ya lami. Saa nne na dakika chache, Mudathiri akiwa na kikombe chake, minyaa iliinua mizizi. Ilifanya hivyo mmojammoja kuanzia upande wa barabarani, kama watu wanavyosimama kanisani, wa mbele kwanza. Ilikung'uta udongo. Kisha ikaanza kutembea, polepole, shingo zimekaza, kama wanawake waliobeba ndoo zilizojaa na hawataki kumwaga. Ardhi ilijifunga nyuma yake.

Irakoze alitazama kwa makini, akitafuta mtu nyuma ya minyaa. Hapakuwa na mtu. Akatafuta kamba. Hapakuwa na kamba.

"Na wako?" aliuliza.

"Wangu hausogei, kwa sababu nipo," alisema Mudathiri. "Hausogei mwenyewe akiwa anautazama. Una adabu yake."

Irakoze alitoka nje, akavuka barabara na kusimama kando ya kaburi la mama yake. Uzio ulisita, mizizi ikiwa bado juu. Halafu ukaishusha palepale ulipokuwa, nusu ya hatua mbele ya mahali ulipolala.

"Rudi," aliuambia.

Haukurudi. Na Irakoze, badala ya kutulia kwa kuwa hakuna mwizi, alizidi kuingiwa na wasiwasi. Mti hauna haja ya kiwanja. Ukitembea, basi kuna mahali umeitwa.

Ofisi ya kitongoji hufunguliwa Jumanne na Jumatano, saa nne hadi saa nane, saa ambazo Kumweru haina watu wa kuja na shida. Mwenyekiti, Bwana Nurudini, alifurahi kumwona mtu. Alimsikiliza bila kumkatiza, akaitikia kwa kichwa, akafungua kabati na kutoa kitabu chenye jalada la plastiki.

"Huu ni wasifu wa mji," alisema. "Tunataka Kumweru iwe mji mdogo, na mji hauwi mji mpaka uandikwe. Walikuja wataalamu wawili mwezi wa tatu, Jumatano kama leo. Wakapita kila nyumba, wakapiga hodi mara tatu. Aliyeitika akaandikwa."

Irakoze alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Wasifu ulisema wakazi wa Kumweru ni sitini na mmoja, wengi wao wazee, na kwamba ni watu watulivu wasiopenda kusafiri. Ulisema kuna kisima nyuma ya kanisa.

"Hakuna kisima nyuma ya kanisa," alisema.

"Hakijafika. Vitu vizito huchelewa. Minyaa ni miepesi." Mwenyekiti alifunua ukurasa wa ramani. "Wewe ni kiwanja namba kumi na nne. Huyu hapa jirani yako, kumi na tano. Huu ndio mpaka."

Mstari ulipita karibu sana na kisanduku kidogo kilichoandikwa jiko. Irakoze aliupima kwa ukucha na kulinganisha na kipimo kilichochorwa chini. Hatua tisa. Kaburi lilikuwa ng'ambo ya mstari, au lingekuwa, kama lingechorwa.

"Kwa hiyo unaona," alisema Bwana Nurudini kwa upole, "uzio wako haupotei. Unakwenda mahali pake."

"Nani aliwaonyesha mahali pake?"

Mwenyekiti alitafuta kwenye orodha. "Wenye viwanja wengi hawakuwepo. Wakasemewa na wazee waliokuwepo, ni utaratibu. Kumi na nne ilisemewa na Mzee Ndihokubwayo."

"Na kumi na tano?"

"Kumi na tano ni yake. Aliisemea mwenyewe."

"Naweza kurekebisha?"

"Wakija tena. Wasifu ni wa miaka kumi."

Mzee Ndihokubwayo alikuwa ameketi nje ya nyumba yake akisuka tenga. Irakoze alipiga magoti kidogo. "Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Huko mjini unapikia watu na hawakulishi? Ingia, kuna ugali wa muhogo na dagaa."

"Nimeshiba. Uzio unakuja kwangu."

"Nauona. Unatembea vizuri, haujavunja hata tawi."

"Siku ile ulionyesha wapi?"

Mzee aliweka tenga chini. "Walikuja vijana wawili na kile kikompyuta cha mkononi. Wakasema, mzee, mpaka wa huyu uko wapi? Nikanyoosha mkono. Sasa mkono wenyewe unatetemeka tangu mwaka jana. Tazama."

Aliunyoosha. Mkono ulitulia kabisa, kama tawi siku isiyo na upepo. Wote wawili waliutazama kwa muda.

"Leo umepumzika," alisema Mzee Ndihokubwayo, akaurudisha kwenye tenga.

Kila mtu Kumweru alijua kwamba mwanawe Niyonkuru, aliye Dar es Salaam, alitaka kujenga fremu sita za maduka zinazotazama lami, na kwamba kiwanja cha baba yake kilitosha fremu tatu. Irakoze alilijua hilo pia, lakini hakulitaja. Kwa mtu aliyemfundisha kutembea lilikuwa jambo la aibu kutajwa.

"Twende kwa mwenyekiti, baba mdogo. Useme mkono ulitetemeka."

"Nikisema nilikosea kwako, wataniuliza nimekosea kwa wangapi. Niliwasemea watu ishirini siku ile. Unataka mji wote upimwe upya?"

"Nataka wangu tu."

"Mama yako hakuwa mchoyo."

"Mama alipanda na wewe. Mikono minne."

"Ndiyo," alisema mzee. "Miwili ndiyo hii. Ile mingine kaiulize." Alivuta ufito, akaukunja, akapunguza sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Halafu nikuambie kitu, mwanangu. Mimi na wewe vyeti vyetu vya uraia vilichelewa. Watu kama sisi hatugombani mbele ya ofisi. Mtu anaanza na mpaka wa minyaa, anaishia kuulizwa mpaka mwingine alivukaje."

"Mimi nimezaliwa hapa."

"Najua. Nilikuwepo. Nitakusemea, wakiniuliza."

Alhamisi na Ijumaa Irakoze hakwenda kazini. Alikaa kwenye kigoda kati ya kaburi na uzio, akautazama. Uzio haukusogea. Alikojoa kwenye kopo nyuma ya mihogo akiwa bado ameukazia macho. Jumamosi simu iliita.

"Irakoze," alisema Bi Mwanaamina, "homa yako ina siku ngapi?"

"Nne, Bi."

"Homa ya siku nne mtu hupona au hufa. Wewe unafanya lipi?"

"Jumatatu nitakuja."

"Kuna binti wa Kitanga hapa, anaitwa Zuhra. Anasukuma chapati mia kabla jua halijatoka, na anaimba. Sikutishi. Nakupa habari."

Bila chapati za Bi Mwanaamina hapakuwa na unga nyumbani, wala nauli, wala nyumba kwa muda mrefu. Irakoze aliifahamu hesabu hiyo vizuri. Jumatatu alfajiri alikivalisha kigoda gauni lake la kazini la zamani, akakifunga kilemba, akakigeuza kuelekea uzio. Jioni alipima. Uzio ulikuwa umepiga nusu hatua tu.

"Ulisitasita," Mudathiri alimpa taarifa. "Ulikuwa na mashaka. Ukachungulia kile kilemba, ukaona hakigeuki."

Jumanne Firdausi alijitolea kukaa yeye, na bakuli lake la maharage. Jioni alimrudishia kigoda akiwa amekasirika kweli.

"Nimeuambia nakuona," alisema. "Nikautolea macho hivi. Ukasimama, kama karani anayetafuta jina langu kwenye orodha. Haukuliona. Ukanipita, dada, nikiwa nimekaa! Na mmoja ukanikanyaga kanga."

Kwenye gari, asubuhi iliyofuata, Irakoze alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mitano. Aliwageukia wenzake na kuuliza kama nyuzio zao pia hutembea. Mwalimu alisema wake ulitembea wiki mbili tu, ukasimama, sasa ana choo nusu. Mwanamke muuza mitumba, jina lake Ndayikeza, alisema wake ulitoka kwake ukaenda kwa jirani, akapata migomba minne.

"Ulifanyaje?" aliuliza Irakoze.

"Sikufanya kitu. Niliamka nikaikuta. Migomba mizuri."

"Ya nani?"

"Ya yule mjane wa nyuma, marehemu sasa." Ndayikeza alimtazama kwa jicho la upande. "Mbona unauliza kama polisi? Mimi sikuwepo. Nilikuwa kazini."

"Sote tulikuwa kazini," alisema dereva, na watu wakakubali kwamba hiyo ni kweli. Irakoze alitazama mikono ya Ndayikeza, halafu ya mwalimu, halafu ya dereva kwenye usukani. Yote ilikuwa safi. Tangu siku hiyo hakuuliza tena.

Uzio ulilipita kaburi Jumatano ya wiki iliyofuata. Mudathiri aliacha chai ili aone vizuri, na jioni alimsimulia bila kuongeza chumvi. Minyaa ilipofika kwenye mawe iligawanyika. Mingine ilipita kushoto, mingine kulia, ikiinua mizizi juu kama watu wanaopandisha nguo wakivuka maji. Ng'ambo ya pili ikaungana tena. Hakuna jiwe lililoguswa.

"Kwa heshima kabisa," alisema Mudathiri. "Hata mimi nilivua kofia."

Irakoze alikwenda kusimama mbele ya uzio. Msalaba ulionekana vipandevipande kati ya mashina. Alijaribu kupenyeza mkono. Tawi moja lilikatika na utomvu ukaanza kudondoka, akautoa mkono haraka kabla haujamfikia.

Baada ya hapo hakuhesabu hatua. Uzio uliendelea na safari yake wiki tatu zaidi, ukila mihogo iliyobaki, mstari wa viazi na kamba ya kuanikia nguo. Siku ya Alhamisi uliwasili kwenye hatua ya tisa, ukashindilia mizizi na kutulia. Mtu akitoka jikoni na sufuria ya maji ya moto ilimpasa ageuke kwa uangalifu.

Mwenyekiti aliita mkutano siku ya Jumamosi jioni ili wafanyakazi wote wapate nafasi ya kuwepo. Hilo lilisifiwa. Alieleza kwamba wataalamu wamepita tena, si kuandika bali kukagua, na kukuta ardhi na ramani vinalingana, jambo ambalo, alisema, ni nadra mkoani. Kila mwenye kiwanja angepewa hati yake ya kimila, baada ya kutia saini kwamba hana lalamiko. Watu walipanga mstari. Mzee Ndihokubwayo alipewa kiti.

Irakoze alipofika mezani alisoma karatasi yote. Kiwanja namba kumi na nne, mwanamke mmoja, jiko moja, mpaka wa minyaa ulioshuhudiwa.

"Nisipotia saini?" aliuliza.

"Kitaandikwa hakina mwenyewe," alisema Bwana Nurudini. Hakusema kwa ubaya. "Na kisichokuwa na mwenyewe, uzio wake hauna pa kusimama. Utaendelea. Utapita jikoni, utapita kitandani. Mimi nakushauri kama mwanangu."

Watu nyuma yake waligunaguna kwamba giza linaingia. Irakoze alishika kalamu. Hakuandika.

"Na mama?"

"Mama nani?"

"Mama yangu. Yumo kwenye kumi na tano sasa. Nataka iandikwe kwamba yumo."

Mwenyekiti alifungua wasifu, akapitisha kidole kwenye jedwali la kumi na tano, kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akapitisha na kwenye la kumi na nne. "Hayumo," alisema. "Siku ile hakuwepo."

"Alikuwepo. Alikuwa amelala palepale."

"Walipiga hodi mara tatu. Aliitika?"

Irakoze aligeuka akamtazama Mzee Ndihokubwayo kwenye kiti chake. Mzee alikuwa akitazama paa la ofisi, akihesabu mabati. Mkono wake wa kulia ulikuwa gotini na ulikuwa ukitetemeka kweli sasa, kiasi kwamba mtu wa karibu yake aliushika kumsaidia.

Irakoze alitia saini. Aliandika jina lake lote, kwa herufi kubwa, mpaka likatoka nje ya kisanduku. Mwenyekiti alisema si neno.

Jumapili msalaba ulikuwa umeinama. Jumatatu jioni mawe hayakuonekana. Jumanne, alipochungulia kati ya mashina, Irakoze aliona ardhi tambarare na nyasi zenye urefu uleule wa nyasi za kila mahali, kama ilivyoandikwa. Mudathiri alisema hakuna mtu aliyefika pale. Alikuwa ametazama kutwa, na alikuwa tayari kuapa. Irakoze alimwamini, kwa kadiri anavyomwamini mtu yeyote wa Kumweru.

Mwezi uliofuata mchanga wa kujengea fremu uliletwa na lori, ukamwagwa upande wa barabarani. Fremu zitakuwa sita. Kisima bado hakijafika.

Irakoze anaendelea na kazi. Zuhra wa Kitanga anasukuma, yeye anachoma, na Bi Mwanaamina anasema hajawahi kupata chapati kama hizo. Kila alfajiri hufunga mlango wa jikoni na, kabla ya kwenda barabarani, husimama mbele ya uzio, mahali ambapo macho yake yanadhani yanaelekea sawasawa na lilipokuwa kaburi. Huinamisha kichwa, hupiga makofi mara mbili taratibu, kama inavyompasa binti mbele ya mkubwa wake, na hutoa salamu ya asubuhi kwa Kiha:

"Mwakeye."

Mzee Ndihokubwayo siku hizi huamka mapema kulinda mchanga wake. Huwa hapo upande wa pili, amejifunika blanketi, na naye hupiga makofi mawili.

"Mwakeye, mwanangu," huitikia kupitia minyaa. "Umelalaje?"

"Salama," hujibu Irakoze, na huenda kupanda gari.

Hajamwambia kwamba salamu si yake. Mzee naye hajawahi kuuliza.